Nina uwa mdogo wa saruji Nkuhungu, nataka mboga kwenye viroba ila zinakufa tu, naombeni msaada

mama_wawili:

Wakuu habari za jioni, naombeni mnishike mkono maana nimehangaika vya kutosha. Mie nimepanga huku Nkuhungu, Dodoma, vyumba viwili, uani pote ni saruji na kipande changu ukikipima kwa miguu ni hatua tatu kwa nne hivi, upande mmoja ukuta wa tofali, upande mwingine kamba za kuanikia nguo za wapangaji wote. Nimetokea Lushoto, na anayepajua Lushoto atanielewa, kule bibi yangu alikuwa anatupa maganda nyuma ya jiko na mwezi unaofuata anachuma, sasa hapa nimepanda mara mbili na mara zote mbili vimekufa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba, nikatafuta viroba vinne vya kilo 50, udongo nikachota pale walipokuwa wanachimba mtaro, jirani akanipa samadi ya kuku katoa bandani asubuhi hiyo hiyo nami nikachanganya mchana, jioni nikapanda miche ya sukuma. Siku ya tano majani yakaanza kukauka pembeni, kahawia, ukiyashika yanavunjika kama karatasi iliyopita kwenye moto. Mara ya pili nikamwaga mchicha kwenye viroba hivyo hivyo, huo ukaota vizuri nikafurahi kweli, wiki ya pili nikirudi kazini nakuta umelala wote, nikiumwagia unaamka, kesho tena umelala, mpaka siku moja nikamwagia haukuamka.

Maji kwetu yanatoka mara mbili kwa wiki tena usiku, nina pipa moja na madumu matano na hayo ndo ya kupikia, kufulia, kila kitu. Natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini Mtumba narudi giza linaingia. Wanangu wawili wanapenda mboga za majani na kila siku ni jero au buku sokoni, na fungu lenyewe limeshanyauka. Nataka hata kidogo tu kinachotoka hapa nyumbani. Nianzie wapi?

mgogo_wa_kikuyu:

Mbukwenyi. Pole dada. Swali moja kabla watu hawajaanza kukupa maelezo, hivyo viroba umeviweka kwenye huo ukuta? Na ukuta unatazama wapi?

mama_wawili:

Ndio kaka, vimeegemea ukuta ili visianguke na upepo. Unapigwa jua kuanzia saa saba hivi mpaka linazama.

mgogo_wa_kikuyu:

Basi hapo ndo penye tatizo lako la pili, ukuta wa magharibi. Samadi ndo la kwanza. Ngoja wenye uzoefu waje.

bustani_ya_ilazo:

Dada pole sana na usikate tamaa, mie mwaka wangu wa kwanza hapa Dom nilipoteza miche mingi kuliko yako, na nilitumia hela.

Kitu kilichonichukua muda kukielewa ni hiki, hapa kwetu usianze na swali la eneo, anza na maji. Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja tu, mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na ukijumlisha mwaka mzima ni kama milimita 570 tu, baada ya hapo miezi saba ni jua na upepo. Kwahiyo kaa chini upige hesabu ya madumu. Kiroba cha kilo 50 kilichojaa mboga kwangu kinakunywa lita nne mpaka tano kwa siku kipindi hiki cha joto, sasa viroba vinne ni dumu zima kila siku, na kutoka mgao mpaka mgao unaofuata ni madumu matatu manne kwa mboga peke yake. Kwa pipa moja na madumu matano na watoto wawili hayo maji huna. Weka viroba viwili. Viwili ukavitunza vitakulisha kuliko vinne vinavyolala kila jioni.

Halafu huo ukuta. Leo ukirudi, saa mbili usiku hivi, weka kiganja kwenye hilo tofali, utakuta bado lina moto. Mchana kutwa linakunywa jua, usiku linakitemea kiroba, yaani mizizi haipumziki. Toa viroba hapo uvilete upande unaopata jua la asubuhi mpaka saa tano sita halafu kivuli. Mboga za majani zikipata jua masaa matano hivi zinaridhika kabisa, watu wanadhani bustani lazima iwe juani mchana kutwa, huku kwetu hapana. Kama hakuna upande huo basi chukua chandarua cha zamani kikunje mara mbili ukifunge juu kama turubai, kikae futi tatu nne juu ya mboga ili hewa ipite. Na kiroba usikiweke moja kwa moja kwenye saruji, panga tofali mbili au vipande vya mbao chini, joto lisipande na maji ya ziada yapate pa kutokea. Hiyo itakusaidia na kwa mwenye nyumba pia, maji ya samadi yanaacha doa jeusi kwenye saruji na maneno yanaanzia hapo.

Sasa samadi. Ya kuku mbichi ni moto, hiyo ndo iliyounguza sukuma yako, wala sio jua. Inatakiwa ikae miezi miwili mitatu, unaimwagia maji kidogo na kuigeuza, mpaka ile harufu ya kupanda puani iishe. Kama hutaki kusubiri tafuta samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa zizini muda mrefu, na hapa tumezungukwa na wafugaji, nenda Nzuguni au Ntyuka ulizia mtu mwenye zizi la zamani. Nzuri ni nyeusi, ukiikamata inavunjika vunjika mkononi kama kahawa na hainuki kitu, ukiona bado ina vipande vya majani ya njano iache. Mie nachanganya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi. Udongo wetu mwekundu una kichanga cha kutosha sio lazima uongeze mchanga, labda kama umepata ule mweusi wa mbuga unaopasuka ukikauka, huo uongezee ndoo ya mchanga wa korongoni. Na ule wa mtaroni usirudie, unaotoka chini kabisa hauna rutuba.

Kupanga kiroba. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga ulitoe kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zunguka na udongo pembeni mpaka ulingane na kopo, kisha livute kopo juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Rudia mpaka juu. Maji utakuwa unamwaga kwenye zile kokoto yanashuka mpaka chini, maana shida ya kiroba cha kawaida ni kwamba juu panalowa na chini ni pakavu kabisa, mboga inaweka mizizi juu juu na jua la siku moja linaimaliza. Nina uhakika mchicha wako ulikuwa hivyo. Ukikimwaga kile kiroba sasa hivi utakuta nusu ya chini udongo ni vumbi.

Pembeni toboa matundu kwa kisu, kila tundu shubiri moja kutoka kwa mwenzake, usiyapange mstari mmoja kwenda chini, yapishane. Chomeka miche humo, juu panda kingine. Na juu ya udongo funika na matandazo, mie natumia maganda ya karanga, msimu wa kukoboa wanayatupa tu, ukifunika vidole viwili hivi utashangaa, ule unyevu wa asubuhi unaukuta mpaka jioni. Angalia mchwa tu, kama uwa ungekuwa wa udongo ningekwambia usifunike karibu na ardhi ila kwako ni saruji kwahiyo uko salama zaidi.

Kujua kama kinahitaji maji usiangalie juu, ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kama kidole kinatoka na udongo umeganda, acha. Kikitoka kikavu, mwagia. Mwagia alfajiri kabla hujaenda kazini, yote kwa mara moja, sio kunyunyizia nyunyizia.

Samahani nimeandika gazeti ila hili jambo nalipenda.

binti_wa_kondoa:

Umesema kweli kaka, hasa hapo kwenye kunyunyizia. Naomba niongeze kwenye maji maana dada maji yake ni ya mgao. Kwangu nina bomba ila ni la kisima na lina chumvi, baada ya miezi mitatu udongo juu ya ndoo zangu ukaweka unga mweupe kama magadi na maharage machanga yakawa ya njano hayakui. Mtu akaniambia ni chumvi inabaki maji yanapokauka. Sasa nafanya hivi, kila baada ya wiki mbili namwagia maji mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini kabisa, yanasomba ile chumvi, na mvua ikianza naviacha vyote nje vinyeshewe. Maharage nimeacha. Spinachi na mchicha zinavumilia.

Na maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuza vyombo mara ya mwisho, hayo yote usimwage, weka ndoo yake karibu na jiko, mwambie na dada wa kazi au watoto. Kwa familia yako ni lita nane kumi kwa siku hazipungui. Ila ya kufulia yenye sabuni ya unga usiweke, hiyo nayo ni chumvi tu.

duka_la_pembejeo_dom:

Habari mama, mie nauza duka la pembejeo hapa mjini, niseme ninayoyaona kila siku. Mteja anakuja anataka kuanza bustani kitu cha kwanza anaomba ni nyanya. Mama kwa kuanzia naomba usichukue nyanya. Kuna mdudu kanitangaze, tangu aingie nchini 2014 amewatesa mpaka wakulima wakubwa, anaingia ndani ya jani anachimba vijia vyeupe halafu anaingia kwenye tunda, na kwenye uwa wenye watoto sitaki upige madawa makali. Nyanya mche mmoja unataka ndoo yake nzima ya lita 20 na kama siku 80 tangu uhamishe mche ndo uchume. Kwa hiyo ndoo moja na siku hizo ungekuwa umekata mchicha mara mbili au tatu.

Mbegu angalia paketi iwe na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe haijapita, zile za kupimiwa na kijiko sokoni zinaweza kuota au zisiote huwezi kujua. Mchicha ni mbegu ndogo mno, chukua kijiko kimoja cha chai changanya na mchanga mkavu kikombe kimoja ndo umwage, zitatawanyika sawa. Usizifukie, funika na udongo mwembamba kama unavyonyunyiza chumvi kwenye mboga, halafu tandaza gunia lililoloweshwa juu. Siku ya tatu nne zinaanza kutoka, na hapo usichelewe, gunia litoke jioni hiyo hiyo ukiliacha hata siku moja zaidi miche inarefuka myeupe na upepo wetu unailaza. Wiki tatu mpaka nne unakula.

Kwenye sukuma utakutana na vidukari, wale wadudu mafuta wa kijivu wamejazana nyuma ya jani kama vumbi. Ukiwaona wachache wasugue na kidole. Wakizidi, mwarobaini umejaa mji mzima, chuma majani ujaze ndoo ndogo, twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka kijiko cha sabuni ya maji, pulizia jioni nyuma ya majani. Asubuhi usipulizie, jua litaunguza. Rudia baada ya siku tano na kabla ya kuchuma osha vizuri.

kaka_mpole:

Kwa mtazamo wangu asubiri tu mvua, huu ni mwezi wa tisa, Oktoba na Novemba ndo joto kali kuliko yote, anajitesa bure.

bustani_ya_ilazo:

Mkuu sikubaliani. Mvua zikianza mboga zinajaa sokoni na bei inashuka, yeye anaihitaji mboga sasa hivi. Na miche ya sukuma akiianza sasa kwenye beseni kivulini, Desemba anakuwa na miche mikubwa tayari. Viroba viwili kivulini vinawezekana kabisa mwezi wa kumi, mie navyo.

kaka_mpole:

Sawa mkuu, kwa viwili na kivuli nimekuelewa. Niliwaza vile vinne vya juani.

bibi_wa_chamwino:

Mwanangu hujambo. Mjukuu ndiye ananiandikia hapa. Nimesoma mnaongea sukuma, spinachi, mchicha, sijaona mtu akitaja matembele, na hiyo ndiyo mboga ya mtu mwenye maji kidogo. Huhitaji mbegu wala duka. Omba kwa jirani mwenye matembele akukatie vijiti vya urefu wa mkono, toa majani ya chini, laza kijiti kwenye udongo pingili tatu ziwe ndani, mwagia siku nne za mwanzo usikose, baada ya hapo hata ukisahau siku moja itakusubiri. Ikianza kutambaa unakata ncha, ukikata inatoa mbili, na kile kiroba chako kitafunikwa chote na majani yenyewe yatakuwa kivuli cha udongo.

Panda na kunde. Kunde jua halizisumbui, hata udongo mbaya zinaota. Unachuma majani machanga. Yakiwa mengi usiyaache yakomae, chemsha kidogo, anika kivulini, weka kwenye mfuko wa kitambaa. Sisi tulivyolelewa mlenda na kunde za mwezi wa tatu ndizo tulizokula mwezi wa kumi, unatwanga unga wake unakoroga na magadi kidogo na karanga. Watoto wako wafundishe kula mlenda, wakiuzoea hawataacha. Mvua ikinyesha mlenda unaota wenyewe huko mashambani, mwambie mtu akuletee mbegu zake uweke kwenye beseni.

mama_wawili:

Shikamoo bibi, asante sana, mjukuu akufikishie. Mlenda tunaula Lushoto pia ila sio wa kukausha, nitajifunza.

Nimefanya kama kaka wa Ilazo alivyosema jana usiku, nimekimwaga kiroba kimoja. Chini ni vumbi kavu kabisa mpaka linapeperuka, na mizizi yote ya mchicha iko juu, haijafika hata urefu wa kidole. Nilikuwa namwagia kikombe kikombe kila siku naogopa kumaliza maji. Na ukuta nimeugusa saa tatu, ni wa moto kweli.

Nina swali, upande wa jua la asubuhi ndio wenye kamba za nguo. Nikiweka viroba chini ya kamba itakuwaje?

binti_wa_kondoa:

Ongea na wenzako uani kwanza usiweke kimya kimya. Mie niliwaambia majirani zangu atakayehitaji kiungo achume, nikapanda giligilani na vitunguu majani kwenye ndoo mbili karibu na mlango wa kila mtu, tangu hapo wananimwagilia nikisafiri. Na nguo zikianikwa juu nazo ni kivuli, ila zikamuliwe vizuri ili maji ya sabuni yasidondokee mboga.

mgogo_wa_kikuyu:

Kwa huo ukuta wa magharibi mie nina wazo. Kwenye ukuta kama huo weka mzabibu. Hapa ndo nyumbani kwa zabibu, na mche mmoja tu kwenye pipa kubwa lililotobolewa chini, ukautambaza kwenye waya mbele ya ukuta, unakula jua lote ambalo mboga zinalikataa na ule ukuta unapoa. Ukiupogoa vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka. Unaanzia na kijiti tu cha pingili nne tano kilichokatwa wakati wa kupogoa. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinashughulika na zabibu kwahiyo ukitaka ushauri wa kitaalamu na miche hapo ni karibu. Ila nina kijiti nimekiotesha kwenye mfuko kina majani sita, nakupa bure ukija kukichukua. Usiutegemee mwaka huu lakini, zabibu inataka subira ya mwaka na nusu mpaka miwili hivi ndo uone vichala.

mama_wawili:

Jamani nimekosa cha kusema, asanteni. Kaka nitakuja kuuchukua, na mwenye nyumba nimeshamuomba waya mbili za kwenye ukuta kakubali.

mama_wawili:

Wakuu nimerudi, leo ni wiki ya tatu nilete mrejesho.

Nimebaki na viroba viwili na beseni moja lililopasuka. Samadi nilipata Ntyuka kwa mzee mmoja, zizi lake la zamani, nyeusi inavunjika kama mlivyosema. Kiroba cha kwanza nimeweka matembele pembeni kote na juu kunde. Vijiti vitatu vimekufa, vingine vyote vimeshika na vina majani mapya yenye rangi ya zambarau kwenye ncha. Kiroba cha pili mchicha juu, pembeni bado matundu matupu nasubiri miche ya sukuma iliyo kwenye beseni, ina majani mawili mawili.

Mchicha ulitoka siku ya nne, nilikuwa kazini, mwanangu mkubwa akaniambia kwenye simu mama vimetoka vidogo vidogo vinainua gunia, nikamwambia ukifika jioni hata kabla sijarudi liondoe. Akaliondoa. Sasa hivi umefika urefu wa kidole cha shahada na haujalala hata siku moja. Ndoo ya maji ya mchele inajaa kila siku, kutoka kwenye pipa nachota dumu moja tu kwa siku tatu.

Maganda ya karanga sijapata, nimetumia majani makavu ya mwarobaini, sijui kama ni sawa. Na jirani wa chumba cha tatu kaniomba vijiti vya matembele nimpe lini, nikate sasa au nisubiri yatambae kwanza?

bibi_wa_chamwino:

Subiri yatambae, mwanangu. Yakifika chini kwenye saruji ndo umkatie.